Kondoo Tuliyemtoa kwa Bustani

Juzi mjukuu wangu alinipeleka hospitali ya Kapkatet nikaangaliwe macho. Tulipokuwa kwenye foleni, kijana mmoja nje ya dirisha aliwasha mashine ya kukata nyasi, na harufu ikaingia ndani: mbichi, tamu kidogo, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nikacheka peke yangu. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kama presha imepanda. Nikamwambia, "Hapana, binti yangu, nimemkumbuka kondoo." Akamtazama mjukuu wangu kwa huruma, na mjukuu wangu akatazama sakafu.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Mlikuwako siku zile, Uhuru ukiwa bado mpya kama kiatu kinachobana, tulipochangia kila kitu. Tulichangia shule, tukachangia daraja, tukachangia josho la ng'ombe. Lakini sijui kama kwenu walichangia nyasi. Sisi tulichangia nyasi.

Senta yetu ilikuwa kwenye njia ya kwenda Silibwet. Kulikuwa na maduka machache ya mabati, kinu cha kusaga mahindi, buchari, kanisa upande wa juu na shule nyuma ya kanisa. Katikati ya hayo yote palibaki uwanja mtupu. Mvua yetu mnaijua, haina adabu ya kupumzika. Punda walipita pale, ng'ombe walipita pale, lori la majani chai liligeuzia pale, na kwa hiyo hapakuota hata jani moja. Palikuwa tope tupu. Siku ya soko kina mama walikaa ukingoni juu ya magunia, na jioni walipoinuka, gunia liliinuka nao.

Mtu aliyeutazama uwanja huo na kuona kitu kingine alikuwa Mwalimu Yohana, mkuu wa shule yetu, mwembamba, aliyevaa tai hata akienda mtoni. Alikuwa amekwenda Kericho mjini kwa mkutano wa walimu. Akisubiri basi la kurudi, akaona nyasi nzuri mbele ya hoteli moja, zimekatwa zikawa sawasawa kama blanketi. Akaketi. Mara akaja askari wa mlangoni na mbwa.

"Toka. Hizi nyasi si za kukalia."

"Ni za nini?" Mwalimu akauliza.

Askari akafikiri. "Za kuangalia," akasema. "Na uangalie ukiwa barabarani."

Jambo hilo lilimchoma Mwalimu kuliko viboko. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akaomba kusema neno.

"Bwana asifiwe! Ndugu zangu, tumepata Uhuru, tumepata shule, tumepata daraja. Lakini mtu wa senta hii akichoka, anakaa wapi?"

"Nyumbani kwake," akajibu mzee mmoja kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Mwalimu akangoja, kisha akaeleza: tuchange sote, kila mtu alicho nacho, tutengeneze bustani ya watu pale katikati. Nyasi, miti, na benchi. Bila mlango, bila askari.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Nyasi? Mwalimu, tazama dirishani! Kericho yote ni kijani mpaka macho yanauma, na wewe unataka tununue kijani?" Mwingine akauliza, mtu akishaketi kwenye hizo nyasi, afanye nini. Mwalimu akasema, asifanye lolote, apumzike tu. Watu wakatazamana, kwa sababu jambo hilo halikuwa limewahi kupendekezwa madhabahuni.

Aliyeokoa hoja alikuwa bibi yangu, ambaye sisi tulimwita Kogo. Ndiye aliyetulea mimi na kaka yangu Kipkemoi. Akasimama polepole na kusema, "Mimi nauza mboga katika tope hilo tangu mama wa hawa watoto akiwa mgongoni. Nikikaa, nalowa. Nikisimama, magoti yanalia. Kama kuna mtu anataka kunipa mahali pakavu pa kukaa kabla sijakufa, mimi natoa. Natoa Kiprop."

Kiprop alikuwa kondoo wangu.

Alizaliwa wakati wa mvua kubwa, na kwa sababu hiyo akapewa jina ambalo kwetu hupewa mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mama yake alikufa usiku huohuo, naye akalazwa kando ya moto akiwa kama kitambaa kilicholowa. Nilimlea kwa chupa ya soda iliyojaa maziwa. Alinifuata mtoni, akanifuata shuleni, na mara moja akanifuata kanisani akalia katikati ya maombi, na mzee aliyekuwa akiomba akasema "Amina" kwa kushtuka. Alikuwa na mkia mnene uliotikisika nyuma kama mfuko wa unga.

Kogo hakuwa mtu wa kueleza jambo mara mbili, na mara nyingi hakueleza hata mara moja. Niliposikia kwamba tunamtoa Kiprop kwa bustani, nilielewa kama mtoto yeyote wa shule ya Jumapili angeelewa: kwamba Kiprop anakwenda kuishi bustanini. Kulikuwa na picha ukutani mwa kanisa, ya kondoo weupe wamelala juu ya nyasi fupi kando ya maji, bila tope, bila kupe. Sasa nikajua picha ile ilikuwa ya nini. Tena kesho yake Mwalimu alichora ramani ya bustani ubaoni: nyasi, miti, benchi, na katikati kitu cheupe cha mviringo. Kilikuwa jiwe la kupakwa chokaa. Mimi nikaona ni Kiprop.

"Hata wamemchora," nikamwambia Kipkemoi.

Kaka yangu alitazama ubao, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na moyo mzuri, lakini alipenda zaidi kuona mambo yakifika mwisho wake yenyewe.

Siku ya mchango nilimwosha Kiprop kwa sabuni ya kufulia. Nilimlisha njiani ili asifike na njaa mahali pageni. Watu walikuwa wamejaa kuzunguka lile tope, na Mzee Paulo, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyenadi. Mnajua desturi yetu. Mtu ananunua kuku, halafu anasema, "Nimenunua na ninarudisha," na kuku ananadiwa tena. Kuku mmoja siku hiyo alinunuliwa na karibu senta nzima. Yai moja lilinunuliwa na kurudishwa mpaka likaanguka, na aliyeliangusha akalinunua pia.

Kiprop akaletwa mbele. Fundi wa nguo akamnunua, akamrudisha. Mama wa kinu akamnunua, akamrudisha. Kila aliyemrudisha alipigiwa makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, nikidhani kila mmoja anamkaribisha kwa zamu. Kisha akasimama Bwana Nyakundi.

Bwana Nyakundi alikuwa mwenye buchari, Mkisii aliyehamia kwetu zamani, mtu mpana, mcheshi, mwenye kofia isiyotoka kichwani isipokuwa kwa sala. Akataja bei iliyowanyamazisha wengine. Akaja mbele, akampapasa Kiprop mgongoni, akaupima mkia wake kwa viganja viwili kwa heshima kubwa.

"Makofi kwa Bwana Nyakundi!" akaita Mzee Paulo. "Amenunua na ana..."

"Sirudishi," akasema Nyakundi.

"Hurudishi?"

"Mzee, nyinyi mnanunua makofi. Mimi nimenunua kondoo."

Watu wakacheka, naye akachukua kamba. Nikamkimbilia na kumshika koti.

"Bwana Nyakundi, bustani bado. Nyasi hazijaota. Unampeleka wapi akangoje?"

Akainama kwangu na uso wa upole. "Mtoto, nampeleka buchari."

Nikamtazama Kipkemoi. Kipkemoi alikuwa anatazama mawingu. Hapo ndipo nilipojua.

Sasa, kwetu sisi Wakipsigis majani mabichi ya nyasi ni kitu cha heshima. Mtu akiyashika mkononi na kukunyooshea, anaomba amani, na hata kama ulikuwa umeinua fimbo, unaishusha. Nilikuwa nimemwona Kogo akitenganisha majirani wawili waliogombania mpaka wa shamba kwa kushika majani na kusimama kati yao, bila kusema neno. Basi nikainama nichume majani.

Hapakuwa na majani. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Uwanja mzima ambao watu walikuwa wamekusanyika kuuita bustani ulikuwa tope, hauna hata unyasi wa kuchokonolea meno. Kamba ilikuwa inakazwa. Nikamrukia Kiprop shingoni, na usoni pake nikaona alichokuwa akikitafuna: ncha ya yale majani niliyomlisha njiani, imening'inia mdomoni. Nikaivuta. Naye akavuta. Nikashinda. Nikasimama na kumnyooshea Bwana Nyakundi lile fundo la majani, la kijani, lililolowa, linalodondoka.

Wazee wakasogea mbele.

"Huyu mtoto ananipatia nini?" akauliza Nyakundi. "Mate?"

"Bwana Nyakundi," akasema Kogo kutoka kwenye gunia lake, "hapo umefungwa. Hiyo ni amani."

Mzee Paulo akakohoa. "Lakini mama, sisi ni watu wa kanisa. Haya ya majani si ni mila?"

"Majani ni ya Mungu. Aliyaumba kabla hajakuumba wewe."

"Lakini haya yametafunwa!"

"Yametafunwa. Hayajamezwa."

Wazee wakakaa shauri palepale. Mmoja alisema majani ni majani, popote yalipotoka. Mwingine alisema majani yakishaingia mdomoni mwa kondoo ni mali ya kondoo, na kwa hiyo aliyeomba amani ni kondoo mwenyewe, jambo ambalo ni zito zaidi. Mkono wangu ulichoka, lakini sikuushusha. Bwana Nyakundi aliwasikiliza wote, akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Sawa," akasema mwishowe. "Mimi naishi na nyinyi, sitaki laana ya mate. Leo simchukui. Lakini pesa nimetoa, na kondoo ni wangu. Akae katika hiyo bustani yenu, anenepe. Kabla ya Krismasi nakuja na kamba, na wewe mtoto usiniletee majani tena."

"Bustani bado haina nyasi," akasema Mwalimu Yohana kwa unyonge.

"Basi pandeni haraka! Kondoo wangu atakula nini?"

Hivyo bustani yetu ilianza kwa haraka, kwa ajili ya tumbo la Kiprop, aliyekuwa akingoja kwetu nyumbani. Lori likaonyeshwa njia nyingine. Tope likakaushwa kwa mitaro. Kila nyumba ikaleta nyasi kutoka shambani kwake, zimeng'olewa na udongo, ndani ya gunia. Mwalimu alikwenda shuleni kufundisha, na aliporudi alikuta watu wamepanda nusu ya uwanja kwa kamba, kwa mistari iliyonyooka, kila shina na nafasi yake, kama miche ya chai.

"Jamani," akasema, "nyasi hazina mistari!"

"Mwalimu," akajibu mama mmoja bila kuinua mgongo, "kila kitu kinachopandwa kina mistari."

Kwa majuma mengi bustani yetu ilifanana na shamba la chai la watu wafupi sana. Lakini Mungu ni mvumilivu na mvua yake pia. Nyasi zilitambaa, zikashikana mikono, na siku moja tukaona pamekuwa kijani.

Asubuhi yake ng'ombe wakaja. Hakuna aliyewaita. Kila mtu aliyechanga alikuwa amefikiri jambo lilelile kitandani, kwamba nyasi zimeota, na yeye ana fungu lake. Mwalimu Yohana alisimama mbele yao amenyoosha mikono, tai ikipepea.

"Bwana, mimi nilitoa kuku wawili! Ng'ombe wangu asionje hata kidogo?"

"Ni bustani! Ni ya watu!"

"Na huyu ng'ombe ni wa nani? Si wa watu?"

Ilibidi akubali kwamba ng'ombe alikuwa wa watu. Lakini akawauliza kama wanataka kukaa juu ya nyasi au juu ya samadi, na hilo likaeleweka. Wakaamua: ng'ombe wasiingie. Hata hivyo nyasi zilihitaji kukatwa, na mashine zilikuwa kwa wenye mashamba makubwa ya chai tu. Wote wakamgeukia Kiprop. Akafungwa kwenye kigingi kinachohamishwa kila siku, akakata nyasi kwa duara, na kando yake Mwalimu akasimamisha ubao alioandika kwa mkono wake: NYASI HIZI NI ZA KUKALIA.

Nami nikaingia katika dhiki. Kila unyasi uliofanya bustani kuwa nzuri ulimnenepesha Kiprop, na kila alivyonenepa, Krismasi ilisogea. Niliomba kila usiku akonde. Nilimwomba Mungu ampe minyoo kidogo, isiyoumiza. Kiprop akanenepa.

Bwana Nyakundi naye hakutaka hasara. Kila asubuhi, kabla ya kufungua buchari, alikuja na chumvi kiganjani. "Mali yangu imeamkaje?" alisema, na Kiprop alilamba kiganja mpaka kikang'aa. Haukupita muda Kiprop akajifunza kuing'oa kamba yake na kumfuata. Alisimama mlangoni pa buchari, ametulia, akitazama nyama zilizoning'inia kama mtu anayetafuta jamaa zake. Kina mama walifika, wakamwona, wakasema, "Leo tutakula mboga tu." Nyakundi alimfukuza, kisha akatoka kumtafuta akihofia amepotea.

Mimi nilipokuja na ile chupa yangu ya maziwa, Kiprop alininusa kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mwalimu wake wa darasa la kwanza, kisha akainua kichwa kuangalia kama Nyakundi amefungua dirisha. Nililia nyumbani. Kogo akaniambia, "Lakwet, mtoto wangu, kitu ukishakitoa, kimekwenda. Usikifuate kukiuliza kama kinakukumbuka." Nilijua ni kweli. Haikunisaidia.

Mchana wa siku ya mwisho kabla ya Krismasi, bustani ilijaa. Kina mama walikuwa wamekaa juu ya nyasi kavu wamenyoosha miguu, wengine wamevua viatu, Kogo katikati yao kama malkia. Bwana Nyakundi akaja na kamba.

Kiprop akamwona. Akamkimbilia, kwa ule mwendo wa kondoo mnene ambaye mkia unamchelewesha, akaingiza pua mfukoni mwake. Nyakundi alisimama pale. Aliizungusha kamba mkono wa kulia, akaizungusha mkono wa kushoto. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Wewe mtoto. Kuja."

Nikaenda.

"Leo huna majani?"

"Ulisema nisilete tena."

"Nilisema usilete. Sasa umesimama juu yake. Chuma." Akateremsha sauti. "Haraka, watu wanaangalia."

Nikakunja mikono. Sijui hasira ile ilitoka wapi. "Anakupenda wewe," nikasema. "Mchukue."

Bwana Nyakundi akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na Kiprop akapata nafasi ya kulamba sikio lake.

"Nisikize," akanong'ona. "Mimi nimeuza nyama tangu baba yako hajaoa. Hakuna nyama imewahi kunikimbilia. Nisaidie."

Nikamtazama mtu yule mzima, mwenye shoka buchari na kofia kichwani, akiniomba nimwombe. Nikainama. Majani yalikuwa mengi, laini, ya kila mtu. Nikachuma yaliyojaa ngumi, nikayainua juu ili hata walio kando ya barabara wayaone.

Nyakundi akatupa kamba chini, akarusha mikono yote miwili angani. "Watu wa senta! Mnaona? Nimefungwa tena! Hawa Wakipsigis na nyasi zao watanimaliza!"

Vigelegele vikapanda. Mzee Paulo akasema "Amina" bila kuombwa. Bwana Nyakundi akaelekea buchari yake akilalamika kwa sauti kubwa kuhusu hasara, na Kiprop akamfuata, pua ikiwa karibu na mfuko wa chumvi, bila kugeuka hata mara moja kunitazama. Niliwaangalia mpaka wakapita kinu.

Kogo akasogea kidogo, akapapasa nyasi kando yake.

"Keti," akasema.

Nikaketi.